Pumzi ya Mgonjwa na Taswira ya Moyo

Katika viungo vyote ambavyo tabibu wa zama hizi hutamani kuvitazama bila ya kupasua ngozi, hakuna chenye inadi kama moyo. Ubongo umetulia ndani ya fuvu lake, na goti hutulia likitulizwa. Lakini moyo una harakati mbili kwa wakati mmoja, moja yake mwenyewe, ya kujikunja na kujikunjua mara 60 hadi 100 kwa dakika, na ya pili ya kupewa, itokayo kwa kiwambotao, ule msuli mpana uliotanda baina ya kifua na tumbo, ambao hushuka tuvutapo pumzi na kupanda tuitoapo. Na kwa kuwa moyo umeketi juu ya msuli huo, hauna hiari ila kushuka na kupanda pamoja nao mara 12 hadi 20 katika dakika ile ile. Mwenye kutaka kuiona hali hii kwa macho na asimame jioni mbele ya baraza yoyote ya fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, aitazame sindano inavyokwenda juu na chini kwa haraka, kisha akadirie kwamba meza yenyewe, kwa kuwa sakafu haikusawazishwa vema, inayumba polepole huku na huko chini ya kazi ya fundi. Kuichora sindano ile hata ncha yake ionekane, ilhali sindano inakwenda na meza inakwenda, kila moja kwa mwendo wake, ndiyo kazi waliyojitwika wataalamu wapigao picha za moyo kwa sumaku, na ndiyo maudhui ya sura hii.

Mwendo wa mapigo ulipatiwa dawa mapema. Waya hubandikwa kifuani, hupokea umeme hafifu wa moyo, na mashine ikajua kila pigo limeanza lini. Na kwa kuwa pigo aghalabu hufanana na pigo, vipande vilivyochukuliwa katika hatua moja ya mapigo mengi huweza kuunganishwa, vikawa kana kwamba vyote vimetoka katika pigo moja. Pumzi haina utii huo. Hurefuka kwa hofu, hukatwa na kikohozi, hubadilika usingizi unapomchukua mtu. Na fauka ya hayo ina sehemu ya hiari, maana mwenye pumzi anaweza kuamrishwa aizuie. Hiari hiyo ndogo ndiyo iliyowaponza mafundi wa kwanza, kwa sababu iliwaonesha njia nyepesi ya kumtwika mgonjwa mzigo wote wa kazi yao.

Yafaa kueleza kwanza kwa nini mashine haimalizi shughuli yake kwa kufumba na kufumbua kama kamera ya simu. Sumaku ya kawaida hospitalini ya mashine hii, iitwayo MRI, ina nguvu ya Tesla 1.5, zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia ielekezayo dira ya nahodha. Ndani ya nguvu hiyo viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwili hujipanga, hupigwa na mawimbi ya redio ya mizunguko yapata milioni 64 kwa sekunde, huitikia kwa mawimbi ya namna ile ile, nayo mashine huyasikiliza. Paul Lauterbur wa Marekani alionesha mwaka 1973 jinsi mwitiko huo uwezavyo kutoa taswira, Peter Mansfield wa Uingereza akaongeza hesabu na wepesi, na wawili hao wakatunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2003. Hilo lilimuudhi Raymond Damadian, aliyeona haki yake imedhulumiwa, hata zikalipiwa kurasa nzima za magazeti makubwa kutangaza malalamiko yake. Huyo Damadian na wasaidizi wake ndio waliopata mwaka 1977 taswira ya kifua cha mtu aliye hai, na iliwagharimu muda wa karibu saa tano. Na katika muda huo wote aliyelala ndani ya sumaku alikuwa akipumua kama kiumbe mwingine yeyote, basi msomaji na akisie mwenyewe ukungu uliotokea.

Kinachoikawiza mashine ni kwamba haichukui taswira, huchukua namba. Kila mara isikilizapo hupata mstari mmoja wa namba, na mistari hiyo, mia na ushei kwa taswira moja, hupangwa katika jedwali. Jedwali likishajaa, hesabu aliyoiasisi Mfaransa Joseph Fourier mwanzoni mwa karne ya 19, alipokuwa akichunguza jinsi joto lipitavyo ndani ya vitu, huligeuza likawa taswira. Wala mstari mmoja haumiliki sehemu moja ya taswira, ya juu au ya chini. Kila mstari una habari za taswira nzima, na kila nukta ya taswira imetokana na mistari yote. Kwa hiyo mgonjwa akipumua baina ya mstari wa 10 na wa 50, kosa halikai mahali pamoja likaweza kusamehewa, bali huenea pote: mafuta ya ukuta wa kifua, ambayo hung'aa mno, hujirudia kwa vivuli juu ya moyo, kuta za moyo hupata kingo mbili, na mishipa inayolisha moyo wenyewe damu, ambayo upana wake ni milimita 2 hadi 4, hutoweka kabisa. Ajabu ingekuwa isipotoweka, kwani kiwambotao katika pumzi ya kawaida husogea sentimita 1 hadi 2, na moyo hufuata kwa zaidi ya nusu ya mwendo huo.

Dawa ya kwanza, basi, ilikuwa amri. Mgonjwa huvuliwa kila chenye madini, pete, bangili, kikuku, pini za ushungi na hirizi yenye kasha la bati, na huambiwa afute wanja machoni kwa kuwa aina nyingine za wanja zina chembe za chuma. Hulazwa chali juu ya kitanda chembamba, hubandikwa waya, hufungwa tumboni mkanda wa kupimia pumzi, huwekewa antena juu ya kifua, hutiwa vizibo masikioni kwa sababu ya kelele, hupewa mkononi kipira cha kubonyeza akizidiwa, kisha kitanda husukumwa ndani ya shimo lenye upana wa sentimita 60 au 70, na sauti humjia humo: “Vuta pumzi. Toa. Zuia.” Mashine hugonga kwa sekunde 10 hadi 15, ndipo sauti iseme, “Pumua.” Na aghalabu amri ya kuzuia hutolewa baada ya pumzi kutoka, kwa sababu kiwambotao hurejea mahali pamoja kwa uaminifu zaidi mapafu yakiwa yamepungua hewa kuliko yakiwa yamejaa, yaani mgonjwa hudaiwa azuie wakati ule ule kifua chake kinapodai hewa. Kila mzuio mmoja hutoa ubale mmoja wa moyo, nao moyo huhitaji bale 10 hadi 12 ili upimwe kutoka tako lake hadi ncha yake, mbali na taswira nyinginezo, hata uchunguzi mzima ukachukua dakika 45 au saa nzima.

Bibi mmoja wa mtaa wetu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akilala ameegemea mito mitatu kwa kuwa akilala chali hewa humwishia, alipelekwa na wanawe Dar es Salaam, mwendo wa yapata kilomita 350, kwa ajili ya kipimo hiki. Kijana aliyeiendesha mashine alikuwa mwenye adabu, alimwamkia, alimtandikia vizuri, akamwambia, “Bibi, toa pumzi, kisha uizuie kidogo.” Akajibiwa kutoka ndani ya shimo, “Mwanangu, lau ningekuwa na pumzi ya kuzuia, ningekuja huku kufanya nini?” Wanawe hulisimulia jawabu hili kwa kicheko. Mimi naliona kuwa ndiyo hoja iliyokamilika kuliko zote nilizopata kuzisoma juu ya dawa ya kwanza, wala katika makala za mabingwa sijaiona ikisemwa kwa ufupi zaidi.

Kwani ni nani aendaye kupigwa picha ya moyo? Kijana mzima mwenye kifua cha mzamiaji huweza kuzuia pumzi mara ishirini bila ya kutokwa na jasho, lakini yeye hana haja ya taswira; mwenye haja ni yule ambaye moyo umeshindwa kuisukuma damu, maji yakaingia mapafuni, miguu ikavimba, na pumzi ikawa fupi. Katika pwani yetu na Afrika Mashariki kwa jumla hali hii ina sura zake. Kuna maradhi ya moyo yatokanayo na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza kwa koo la mtoto lililouma na kupuuzwa, miaka ikapita, kisha milango ya moyo ikakakamaa au ikavuja. Kuna watoto wazaliwao na tundu moyoni, nao hawajui kuamriwa. Mahali pengi mtoto hupewa dawa ya usingizi, na mashine ya kumpumulia ikasimamishwa kwa kila ubale, jambo linalotaka daktari wa usingizi, vifaa vya ziada na hofu ya wazazi. Kuna ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani wa moyo, ambao Jack Davies aliueleza Kampala mwaka 1948 kutokana na maiti alizozichunguza Mulago, nao hadi leo ni miongoni mwa maradhi ambayo MRI huyabainisha vizuri sana, kwa kuwa huonesha kovu lenyewe lilipo na unene wake. Na ng'ambo ya bahari, Maskati, ambako Kiswahili husikika masokoni na majumbani, madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos wamekuwa wakiitumia MRI kupima chuma kilichojikusanya ndani ya mioyo ya wagonjwa wa thalasemia, waliotiwa damu ya watu wengine miaka mingi. Kipimo hicho kilitengenezwa London na kutangazwa mwaka 2001, nacho hutaka mgonjwa azuie pumzi mara moja tu, ndiyo sababu mojawapo ya kuenea kwake.

Nisieleweke kwamba naidharau eko, ile picha ya mawimbi ya sauti ambayo ndiyo kipimo cha kwanza cha moyo katika hospitali zetu, tangu mikoani hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015 na kuwaondolea wagonjwa wengi safari ya India. Eko ni rahisi, huonesha milango ya moyo ikifunguka na kufunga papo hapo, wala haimwamrishi mtu azuie roho yake. Lakini haiwezi kupima chuma, huliona kovu kwa shida, na kwa mgonjwa mnene au mwenye mapafu yaliyojaa hewa huona kwa ukungu; wala kiasi cha damu isukumwayo katika kila pigo haikihesabu kwa usahihi ule wa sumaku, ambao ndio hutumika kuzipimia njia nyingine.

Na hata usahihi huo una ila iliyotoka kwa ile ile amri ya kuzuia pumzi, ila ambayo vitabu huitaja kwa haraka mno. Mgonjwa akizuia mara kumi na mbili, hazuii mahali pamoja. Safari hii kiwambotao kimesimama milimita 5 juu zaidi, safari ijayo 8 chini, maana amechoka au ametaka kupendeza. Bale zikipangwa, moja hurudia sehemu iliyokwisha kuchukuliwa na nyingine huacha sehemu isiyochukuliwa kabisa, na hesabu ya ujazo wa moyo, iliyotegemea kwamba bale zimefuatana sawasawa, hukosea pasipo mtu kujua, kwa kuwa kila ubale peke yake ni safi na wapendeza machoni.

Dawa ya pili ilikuwa kungoja. Mwaka 1989 Richard Ehman na Joel Felmlee wa Mayo Clinic walionesha kwamba mashine inaweza, kabla au baada ya kuchukua mistari yake, kutupa jicho la haraka katika kiungo kinachosogea na kujua kimefika wapi. Kwa moyo jicho hilo huelekezwa kwenye ukingo wa ini na pafu, ambapo kiwambotao huonekana dhahiri. Na kanuni ikawa kwamba mgonjwa apumue atakavyo, mistari iliyochukuliwa kiwambotao kikiwa ndani ya dirisha la milimita 5 ipokewe, na mingineyo ikataliwe. Mgonjwa akapata nafuu, ila saa ikapata taabu, kwani nusu ya kazi na pengine theluthi mbili zilitupwa. Mbaya zaidi, mtu akilala usingizi ndani ya shimo, kama walalavyo wengi kelele ikishazoeleka, pumzi yake hubadilika taratibu, kiwambotao hutoka katika dirisha, na mashine hukataa kila kitu, ikaendelea kukataa, hata fundi agundue kwamba robo saa nzima haikupokelewa hata mstari mmoja. Katika hospitali yenye mashine moja na foleni ya wagonjwa waliotoka Lushoto, Pangani na Handeni, robo saa iliyopotea ina mwenyewe, naye ameketi nje kwenye benchi.

Ndipo tunafika kwenye masahihisho yenyewe, ambayo ni heshima ya elimu hii. Fikra yake ni nyepesi kuisema: badala ya kuikataza pumzi, na badala ya kuitupa kazi iliyofanyika wakati wa pumzi, na ipimwe pumzi, kisha hesabu iurejeshe moyo mahali pake. Hesabu ile ile ya Fourier huliruhusu jambo hili kwa ukarimu wa ajabu, maana kitu kikisogea bila ya kubadilika umbo, namba za jedwali haziharibiki. Hugeuka awamu tu, kwa kipimo kijulikanacho, na mwenye kujua kitu kimesogea milimita ngapi huweza kuzigeuza nyuma zikawa kana kwamba hakikusogea. Wataalamu wa Mayo walipima mwaka 1995 wakaona kwamba, kwa wastani, moyo husogea sita kwa kumi ya mwendo wa kiwambotao, na mashine nyingi zikatiwa kiasi hicho ndani yake. Wastani huo, hata hivyo, hauwafai wengi, kwani watu hutofautiana sana, na zaidi ya hapo moyo haupandi na kushuka tu: hujipinda, huinama, hubonyea upande ulioelekea kiwambotao, hivyo mengi yaliyofanyika baadaye, London kwenye King's College, New York, Zurich na kwingineko, yamekuwa ni kuutafuta mwendo wa moyo ndani ya taswira za moyo wenyewe, pasipo kuuliza habari zake kwa ini.

Hila mojawapo iliyonipendeza kupita nyingine zote ni ya kubadili namna ya kulijaza jedwali. Mistari, badala ya kupangwa sambamba mmoja chini ya mwingine, hupitishwa yote katikati ya jedwali, kila mmoja ukiachana na uliotangulia kwa nyuzi 111.25, kipimo kitokanacho na ule uwiano wa dhahabu uliojulikana tangu enzi za Wayunani. Faida zake ni mbili. Ya kwanza, kwa kuwa kila mstari hupita katikati, na katikati ya jedwali ndipo penye jumla ya nguvu ya taswira nzima, namba za hapo hupanda na kushuka kwa pumzi, hivyo mashine huisoma pumzi ndani ya kazi yake yenyewe, bila ya mkanda wala jicho la pembeni. Ya pili, nayo ndiyo kubwa, fungu lolote la mistari iliyofuatana huenea pande zote karibu sawasawa. Kwa hiyo hakuna haja ya kuamua mapema mstari gani ni wa nini. Mgonjwa hulala, hupumua, hukohoa akitaka, mashine hukusanya kwa dakika kadhaa mfululizo, na baada ya kwisha ndipo hesabu ikae ichambue: hii mistari ni ya moyo uliojikunja na pumzi iliyotoka, hii ni ya moyo uliojikunjua na pumzi nusu, na kadhalika.

Tatizo linalobaki ni uchache, maana mistari ikigawanywa kwa hatua 20 za pigo na hatua 4 au 5 za pumzi, kila fungu hubakiwa na mistari michache mno, na taswira ya mistari michache hujaa michirizi. Hapa ndipo elimu ya masahihisho ilipokutana na elimu ya haraka. Mwaka 1999 Klaas Pruessmann na wenzake wa Zurich walionesha kwamba antena nyingi zilizozunguka kifua, kila moja ikisikia kwa upande wake, huweza kuziba mapengo ya mistari isiyochukuliwa. Mwaka 2007 Michael Lustig, David Donoho na John Pauly wa Stanford wakaonesha kwamba taswira, kwa kuwa huweza kubanwa bila ya kupoteza cha maana, huweza pia kuchukuliwa kwa mistari pungufu, ilimradi mapengo yatawanyike bila ya mpango. Na mwaka 2016 Li Feng na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York wakayaunganisha yote, wakaiacha pumzi iwe kipimo kimoja cha taswira kama urefu na upana, kwa hoja kwamba moyo katika hatua moja ya pumzi hufanana sana na moyo katika hatua jirani, na mfanano huo ni habari ya bure isiyofaa kupotea. Tabibu sasa huweza kuutazama moyo pumzi ikiwa imetoka, au akautazama pumzi ikiingia, na katika maradhi mengine, kama vile mfuko wa moyo uliokakamaa, tofauti baina ya hali hizo mbili ndiyo dalili yenyewe aitafutayo.

Gharama ya uungwana huu imehamia kwenye kompyuta. Hesabu za namna hii zilipoanza zilichukua saa nyingi kwa mgonjwa mmoja, nazo zimefupishwa mno tangu mitandao ya neva bandia ilipoingizwa, ambayo hufunzwa kwa maelfu ya taswira hata ikajua moyo huwaje, kisha ikaziba mapengo kwa kasi. Hapa naomba tahadhari. Mtandao hujaza pengo kwa kile ulichokizoea, na mioyo iliyofunzwa nayo kwa wingi ni ya hospitali za Ulaya, Marekani na Uchina; ukiletewa moyo uliojaa kovu la ule ugonjwa wa Kampala, au milango iliyoharibiwa na baridi yabisi katika msichana wa miaka 15, upo uwezekano kwamba utausawazisha uwe kama mioyo uijuayo, na taswira itakayotoka itakuwa nzuri na ya uwongo. Ukungu wa zamani, kwa taabu zake zote, ulijitangaza kuwa ni ukungu. Dawa yake ni mioyo yetu kuwamo miongoni mwa mioyo inayofundisha, na hilo halipatikani pasipo mashine.

Mashine nazo ni haba. Japani ina zaidi ya 50 kwa kila watu milioni. Afrika kwa wastani haifikii moja. Mwaka 2022 huko Mbarara, Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pamoja na wenzake wa Leiden, Delft na Pennsylvania waliunganisha mashine ndogo ya Tesla 0.05 tu kwa ajili ya watoto wenye maji kichwani, jambo la kujivunia. Lakini kichwa hakipumui, na moyo kwa nguvu hafifu kiasi hicho bado ni mtihani mkubwa. La karibu zaidi ni mashine za nguvu ya wastani: mwaka 2019 watafiti wa Bethesda, Marekani, walionesha taswira za moyo zenye kutosheleza kwa Tesla 0.55, na sumaku ya namna hiyo hudai heliamu kidogo kuliko zile kubwa, ambazo zimezoea kumezeshwa lita zaidi ya elfu moja. Nguvu ikipungua, mwitiko hupungua, na mwitiko ukipungua mashine hutaka muda mrefu zaidi wa kusikiliza. Hapo kuzuia pumzi huwa hakufai kabisa, na masahihisho hugeuka kuwa lazima.

Wala si lazima kungoja yaliyo magumu. Huko Lima, Peru, madaktari wa huko na wa London walikata taratibu zote zisizo za lazima, wakawapima wagonjwa wa moyo kwa dakika 18 kwa wastani kila mmoja, matokeo yakatangazwa mwaka 2018, na kwa wengi wa wagonjwa hao taswira ikabadili matibabu yao. Waliyoyafanya Lima yanawezekana popote penye mashine ya kawaida na mtu aliyefundishwa.

Ninalowaomba wenye dhamana, siku mashine ya namna hii itakapojadiliwa kwa ajili ya watu wa Ngamiani na mkoa wetu, ni jambo dogo la karatasini. Programu za kupima moyo kwa pumzi huru na za kuharakisha taswira aghalabu haziuzwi pamoja na sumaku; huwa leseni za kando, kila moja na bei yake, na katika kupunguza gharama ndizo hufutwa kwanza, kwa kuwa hazionekani wala hazizinduliwi kwa kukata utepe. Atakayetia sahihi mkataba na aulize kama zimo, na aulize pia ni nani atakayezihuisha baada ya miaka mitano. Nao walimu wa hesabu na wa kompyuta wa Tanga na wafahamu kwamba zipo programu za kazi hii zilizotolewa bure kwa ulimwengu, kama ile iitwayo Gadgetron iliyotangazwa mwaka 2013, ambazo kijana mwenye kompyuta nzuri na mwalimu mvumilivu anaweza kuanza kujifunza leo, kabla ya sumaku kufika Ngamiani.